Saa ya Mezani ya Thomas Tompion

Saa hii ya kifahari ilitengenezwa London kwenye mwaka 1690 hivi, kwa ajili ya Mfalme William III. Fundi wake, Thomas Tompion (1639–1713), alikuwa mtoto wa mhunzi wa Bedfordshire.

Kasha limefunikwa kwa mbao nyembamba nyeusi tii, likapambwa kwa fedha na shaba iliyochovywa dhahabu.

Saa huendeshwa na springi. Springi iliyokazwa huvuta kwa nguvu, kisha hulegea kadiri inavyofunguka. Ili mwendo usibadilike, mafundi waliiunganisha na gurudumu lenye umbo la pia: springi inapolegea, huvuta kwenye sehemu pana zaidi.

Saa hii ikitiwa ufunguo mara moja, hutembea mwaka mzima na kugonga kila saa.

Tompion alizikwa Westminster Abbey. British Museum iliipata saa hii mwaka 1982.