SOMO LA HISTORIA: KICHEFUCHEFU CHA SAFARI, TOKA JAHAZI MPAKA BASI

  Mwenye daftari alifungue, na mwenye kalamu aishike.

Leo tutasoma habari za ugonjwa ambao karibu kila mmoja wetu anaujua, yaani kichefuchefu cha safari. Labda mtauliza, "Je, kutapika garini nako ni historia?" Naam, ni historia, tena si jambo dogo. Mama mwenye mtoto mgonjwa huambiwa ampeleke hospitali ya mbali, naye huogopa gari kuliko anavyoogopa ugonjwa. Husema, "Nitakwenda kesho." Na kesho huzaa kesho nyingine. Basi, tukijua asili ya jambo hili, huenda tukaokoa mtu.

Njia ya kutoka Kipatimu mnaijua vizuri. Gari linateremka katika milima ya Matumbi, linapita Chumo, linakwenda mpaka Tingi kwenye barabara kuu. Abiria aliyeketi nyuma haoni njia, anaona gunia na mgongo wa mwenzake tu. Mara kichwa kinazunguka, jasho la baridi linamtoka, mate yanajaa kinywani, naye anaomba mfuko. Wenzake wanacheka, "Mshamba huyu, hajazoea gari! Mwoga huyu!" Haya, na tutazame kama maneno hayo ni kweli.

1. ZAMANI ZA MAJAHAZI

Kabla ya kuja magari, babu zetu wa bara walikwenda kwa miguu. Walipanda na kushuka milima, wakafika Kilwa wamechoka, lakini hakuna aliyetapika kwa sababu ya kutembea. Kichefuchefu cha safari kilikuwa jambo la baharini. Watu wa pwani husema chombo kinamlevya mtu, kwa maana hupepesuka na kutapika kama mlevi, ingawa hakunywa kitu.

Kilwa ni bandari ya kale sana. Mwaka 1331 msafiri mmoja kutoka Moroko, jina lake Ibn Battuta, alifika Kilwa kwa chombo, baada ya kupita Mogadishu na Mombasa. Aliandika kwamba huko Mogadishu aliandaliwa chakula, na miongoni mwa vitoweo palikuwa na tangawizi mbichi. Likumbukeni neno hilo tangawizi, maana tutalirudia.

Vyombo vya zamani vilikwenda kwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Nahodha na mabaharia wake waliyaona mawimbi yakija, wakajua chombo kitainuka saa ngapi na kuinama saa ngapi. Lakini abiria aliyejikunja katikati ya mizigo hakujua neno.

Tena wako waliosafiri kwa dhiki kubwa kuliko wote. Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilikuwa soko kubwa la watumwa. Watu walitekwa mbali, wengi katika nchi zilizo karibu na Ziwa Nyasa, wakaletwa pwani kwa miguu, kisha wakapakiwa majahazini kupelekwa Unguja. Wengi hawakuwa wameona bahari maisha yao. Walibanwa pamoja, hewa ikiwa haba na maji ya kunywa haba. Mtu anayetapika hupoteza maji ya mwili, na asipopewa maji mengine huweza kufa. Mkataba wa mwaka 1873 ulikataza kuwasafirisha watumwa baharini. Tukisoma habari za biashara ile tukumbuke mateso haya pia, kwani hayaandikwi sana vitabuni.

2. JE, NI WOGA?

Sasa tulijibu lile neno la "mwoga." Katika Uingereza alikuwako kamanda mkuu wa manowari, jina lake Nelson. Alikufa vitani mwaka 1805, katika vita vya Trafalgar, na Waingereza humhesabu kuwa shujaa wao mkubwa wa baharini. Lakini Nelson mwenyewe aliandika katika barua kwamba bahari ikichafuka yeye huugua, ingawa alikuwa baharini tangu utoto wake.

Miaka 100 baada ya kifo chake, yaani mwaka 1905, watu wa Matumbi waling'oa pamba ya Wadachi, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wale waliwakabili askari wenye bunduki. Nani atathubutu kuwaita wajukuu zao waoga kwa sababu basi linawachefua? Ushujaa ni jambo moja, na tumbo ni jambo lingine.

3. SABABU YAKE YAGUNDULIWA

Kwa muda mrefu watu walidhani kosa ni la tumbo. Sababu yenyewe ilianza kufahamika vizuri katika karne ya 19, nayo ilikuwa sikioni.

Ndani kabisa ya kila sikio mna vifereji vitatu vidogo vyenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yale husukumwa, na ubongo hupata habari kwamba tunageuka. Mwaka 1882 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, jina lake William James, alitangaza uchunguzi wake juu ya viziwi zaidi ya 500. Zaidi ya theluthi yao, hata wakizungushwa kwa kasi, hawakuona kizunguzungu hata kidogo. Lakini kati ya watu karibu 200 wanaosikia, ni mmoja tu aliyekuwa hivyo. Basi ikaonekana kwamba kizunguzungu kina mlango wake sikioni.

Sasa mfikirieni yule abiria wetu wa nyuma. Jicho lake linatazama gunia, linasema, "Tumetulia." Sikio linasema, "Tunakwenda, tunapinda, tunateremka." Ubongo unapata mashahidi wawili wenye maneno mbalimbali, nao unavurugika. Hapo ndipo kichefuchefu kinapoanza.

Na dereva je? Mbona dereva hatapiki? Kwa sababu yeye anaiona njia. Kabla gari halijapinda, mwili wake umekwisha kujua kwamba litapinda. Jicho na sikio lake vinasema neno moja. Nahodha alikuwa vivyo hivyo, na mtembea kwa miguu pia. Wasikilizaji, hili ndilo fundisho letu la leo: anayeongoza haugui upesi, anayebebwa tu ndiye anayeugua.

4. DAWA, NA MICHEZO YA KULEWESHA

Katika Vita Kuu ya Pili, majeshi yalisafirishwa kwa meli kila upande wa dunia. Askari wetu wa K.A.R. nao walivuka Bahari ya Hindi kwenda kupigana Burma. Askari aliyelegea kwa kutapika hawezi kupigana, kwa hiyo madaktari walitafuta vidonge.

Mwaka 1947, huko Baltimore, Marekani, mama mmoja alipewa dawa mpya ya kutibu mwasho wa ngozi. Baada ya siku kadhaa akaona jambo la ajabu. Zamani gari la abiria mjini likimchefua kila mara, sasa halimchefui. Madaktari wake wakaijaribu dawa ile mwaka 1948 kwa askari waliokuwa melini kutoka New York kwenda Ujerumani, nayo ikawafaa wengi. Huyo mama alikuwa akitibiwa kitu kingine kabisa, lakini aliangalia, akasema.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba wako watu wanaolipa fedha ili wazungushwe! Mwaka 1884 Bwana LaMarcus Thompson alifungua huko Coney Island, New York, reli ya mchezo iliyopanda na kushuka kama vilima. Kasi yake ilikuwa kiasi cha kilometa 10 kwa saa, kama ya mtu anayekimbia polepole. Mwaka 2010 ilifunguliwa reli nyingine ya namna hiyo Abu Dhabi, katika Ghuba, yenye kufika kilometa 240 kwa saa. Wengine hushuka wakicheka, wengine hushuka wameshika tumbo. Watu wa reli hizo hupewa shauri lile lile la abiria wa basi: tazama mbele, egemeza kichwa kisitikisike, usipande umeshiba sana, na ukishuka pumzika kwanza.

5. TUFANYE NINI?

Kwanza, keti mbele, utazame mbali njiani. Katika chombo, kaa katikati, utazame pale mbingu na bahari zinapokutana. Usisome garini. Kama huwezi kuona nje, fumba macho.

Pili, kula kidogo kabla ya safari. Tumbo tupu halifai, na tumbo lililojaa mafuta halifai pia.

Tatu, fungua dirisha, unywe maji kidogo kidogo.

Nne, tangawizi. Wengi hutafuna kipande au hunywa chai yake, na wataalamu waliojaribu wameona kwamba huwasaidia baadhi ya watu.

Tano, vidonge vipo, lakini uliza kwanza kwenye zahanati, hasa kwa mtoto au mama mjamzito. Vingi huleta usingizi, kwa hiyo dereva asivitumie.

Sita, usimcheke mgonjwa. Ukiwa na kiti cha mbele, mpishe mama mwenye mtoto. Huenda kiti hicho ndicho kitakachomfikisha hospitali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Kwa nini dereva hachefuki kama abiria wa nyuma?
2. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka gani?
3. Waulizeni wazee wa kijijini: walisafiri kwa chombo gani mara ya kwanza, na ilikuwaje? Andikeni majibu yao.

Basi, wasikilizaji, wakati wetu umekwisha. Safari njema, na kwa herini.