Ardhi na Chakula Chini ya Mlima Meru

Wataalamu wa kilimo hupima chakula cha nchi kwa tani. Kipimo hicho ni cha haki, lakini huficha jambo ambalo mkulima wa Moshono alilijua pasipo kufundishwa: tani zaweza kuongezeka kwa njia mbili mbalimbali. Ama shamba lile lile limezaa zaidi, ama shamba jipya limefyekwa. Historia ya mahindi katika Tanzania kwa sehemu kubwa ni historia ya njia ya pili. Na penye Mlima Meru njia hiyo ilifungwa mapema.

Wameru walikuwa wamekaa miteremko ya kusini-mashariki vizazi vingi wakati Waarusha walipofika, yapata miaka ya 1830, wakashika upande wa magharibi yao. Juu, penye mvua na ubaridi, migomba ilistawi. Chini, ulezi, maharage na mahindi. Kati ya nafaka hizo mbili, ulezi ndio mwenyeji wa Afrika. Mahindi asili yake Amerika, na yaliingia pwani katika zama za Wareno. Mgeni huyo akamshinda mwenyeji, wala si kwa ubora wa chakula. Ulezi wataka palizi ya mkono, wataka mlinzi wa ndege, na huvunwa suke kwa suke. Hindi limejifunika kwa maganda yake lenyewe. Ila ulezi hudumu ghalani miaka, na mahindi huliwa na fukusi. Tena mwishoni mwa miaka ya 1970 akaja dumuzi, naye akitoka Amerika, mdudu aliyeharibu mahindi hata wakulima wengine wakambandika jina la lori, Scania. Basi aliyeacha ulezi alipunguza kazi ya shambani, akapoteza akiba ya mwaka wa njaa. Hesabu za tani haziandiki hasara hiyo.

Ukoloni uliyapa mahindi nguvu nyingine. Mashamba makubwa ya mkonge na kahawa yaliwalisha vibarua kwa posho, na posho ilikuwa unga wa mahindi. Ndipo zao la chakula likawa pia zao la fedha. Katika miaka ya 1920 kahawa ikaingia chini ya migomba ya wenyeji. Wakati huo huo ardhi ilikuwa imekwisha kuzingirwa. Wajerumani waliojenga boma la Arusha mwaka 1900 waliwagawia walowezi nchi iliyo chini ya mlima, Makaburu wakiwamo tangu miaka ya 1904 na 1905, na Waingereza hawakuirudisha ila kidogo. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kusema shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Shauri hilo husomwa kama sura ya siasa, na ndivyo lilivyo. Lakini yafaa lisomwe pia kama sura ya chakula: watu ambao watoto wao wangehitaji mashamba mapya hawakuwa na pa kuyafyeka. Malisho yakageuzwa mashamba, ardhi haikupumzishwa tena, na kihamba cha baba kikagawanywa kwa wana.

Kwingineko nchini mashamba mapya yalipatikana. Baada ya uhuru mavuno ya mahindi ya mwaka yalikuwa chini ya tani milioni moja. Mwaka 2014 yalipita milioni sita. Katikati palikuwa na azimio la Siasa ni Kilimo la mwaka 1972, ukame wa 1973 na 1974 ulioilazimisha serikali kununua nafaka ng'ambo, na mbegu bora. Hata hivyo mwaka huo wa 2014 wastani wa mavuno haukufika tani mbili kwa hekta. Ongezeko kubwa lilitoka kwa jembe lililokwenda mbali zaidi.

Chini ya Meru jembe halikuwa na pa kwenda. Mwaka 2012 ugonjwa wa mahindi uliotambuliwa Bomet, Kenya, mwaka uliotangulia, ulionekana Arusha. Ukaja juu ya vishamba ambavyo tayari vilikuwa havitoshi. Na mji ulikuwa ukikua. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 32,452 mjini Arusha. Ya 2022, watu 617,631 katika jiji, na Moshono ni kata mojawapo ya jiji hilo. Nyumba zimesimama palipokuwa na mahindi. Loshoro bado hupikwa, mahindi yaliyokobolewa na maziwa mgando, na wanaoila huihesabu kuwa ya jadi kana kwamba mahindi hayakuwahi kuwa mageni. Ila mwenye kiwanja kisichotosha hata mstari mmoja wa mimea hununua mahindi yake sokoni. Jijini humo iko kata nyingine iitwayo Unga Limited, jina lililotokana na kinu cha kusaga.