Kutoka Chama cha Kahawa hadi Chama cha Siasa: Msamiati wa Uchaguzi Bukoba na Muleba

Historia ya uchaguzi Bukoba na Muleba haianzi na sanduku la kura, bali na neno chama. Kabla ya TANU kuasisiwa mwaka 1954, Wahaya walikwisha kuwa na Bukoba Bahaya Union, iliyoanzishwa mwaka 1924, pamoja na vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa. Hivyo Ali Migeyo wa Kamachumu, aliyehamasisha wakulima tangu enzi za TAA, hakuwaletea neno geni. Alilipa kazi mpya.

Uchaguzi wa 1958–1959 ulimleta mpiga kura, lakini kwa masharti ya elimu, kipato au cheo. Isitoshe, kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wakulima wengi walibaki wanachama wasio na kura.

Mwaka 1965 mambo yaligeuka: watu wazima wote walikuwa na kura, ila chama kilikuwa kimoja. Wagombea wawili wa TANU walitofautishwa kwa alama za jembe na nyumba. Ushindani ukawa wa watu, si wa sera.

Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, neno mpinzani lilipata nafasi ya kisheria. Mwaka 2000 Bukoba Mjini ilimchagua Wilfred Lwakatare wa CUF. Maneno, basi, yalidumu; kilichogombewa kila kipindi ni nani aliyehesabiwa ndani yake.