Kaburi, Picha na Jina: Kumbukumbu ya Waliokufa katika Vita vya 1914–1918 Afrika ya Mashariki

Katika nchi nyingi wako watu ambao, bila ya malipo yoyote, hutumia siku zao za mapumziko kuzunguka makaburini wakipiga picha mawe ya wanajeshi waliokufa vitani. Kila jiwe hupigwa picha yake. Jina, namba, kikosi na tarehe hunakiliwa. Na picha hizo huwekwa mahali ambapo jamaa wa marehemu, hata akiwa ng'ambo ya bahari, aweza kuzipata. Makala haya yanakusudia kuitazama kazi hiyo kutoka upande wa Afrika ya Mashariki, hasa Kenya, na kuuliza swali moja: yaweza kuwafaa nini jamaa za watu waliokufa katika vita hivyo hivyo lakini hawakuwekewa jiwe? Rai yetu ni kwamba picha ya kaburi hutegemea jina lililokwisha kuandikwa. Na pale ambapo jina halikuandikwa, kazi ya mwenye kamera haina budi kutanguliwa na kazi ya mwenye kusikiliza, na huyo aghalabu ni mtaalamu wa lugha.

Yafaa kwanza tueleze asili ya desturi hii, kwa maana si mpya kama inavyodhaniwa. Ilianza wakati vita vyenyewe vikiendelea. Mwingereza Fabian Ware, aliyekuwa Ufaransa pamoja na Msalaba Mwekundu, aliona kwamba makaburi ya askari hayakuwa na orodha, akaanza kuyaandikisha. Jamaa waliobaki nyumbani wakaleta barua wakiomba waone mahali walipolazwa watoto wao. Nao wakapelekewa picha. Hivyo picha ya kaburi ilitangulia jiwe la kaburi, kwani wakati huo alama iliyokuwapo ilikuwa msalaba wa mti tu. Tarehe 21 Mei 1917 ikaundwa Tume ya Milki ya Makaburi ya Vita, ambayo tangu 1960 huitwa Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita. Tume hiyo ilijiwekea kanuni ya usawa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, ama juu ya jiwe la kaburi ama juu ya mnara wa ukumbusho, na mawe yawe ya namna moja, pasiwe na tofauti ya cheo, rangi wala dini.

Leo Tume hiyo huangalia kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.7 katika nchi zaidi ya 150. Juu ya msingi huo wamesimama wapiga picha wa kujitolea, kama wale wa The War Graves Photographic Project, waliojipa jukumu la kupata picha ya kila kaburi na kila jina. Kazi yao yataka subira. Mtu huzifuata safu moja baada ya moja asije akaruka jiwe. Hungojea saa ambayo jua hupiga kwa ubavu ili herufi zilizochongwa zitoe kivuli zisomeke. Kisha hulinganisha aliyoyaona na orodha. Faida zake ni dhahiri. Jiwe huliwa na mvua na kuvu, ilhali picha hubakia. Na jamaa aliye Kanada au Australia, asiyeweza kulipa nauli, hupata kuona mahali ambapo babu yake amelala. Kwa mwenye kutafuta nasaba, picha moja yaweza kusahihisha tarehe, kufichua jina la mke au la mji, na kuunganisha matawi ya ukoo yaliyopoteana.

Sasa na tumfuate mpiga picha huyo aje Kenya. Vita vilifika hapa mapema: mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliitwaa Taveta. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Maktau; Februari 1916 wakashindwa katika kilima cha Salaita, na mwezi uliofuata wakapigana Latema na Reata hata njia ya kuingia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ikafunguka. Kwa hiyo mpiga picha atakwenda Taveta, na Voi, na Maktau waliko wanajeshi wa Kihindi. Kisha atarudi Nairobi, katika makaburi ya Nairobi South, ambako pia pamesimama kumbukumbu ya Waingereza na Wahindi. Huko atapata majina ya kupiga picha, na akimaliza ataweza kusema kwa haki kwamba kazi yake imekamilika.

Lakini jeshi lile halikwenda kwa miguu ya wanajeshi peke yao. Nchi ilikuwa na mbung'o walioua ng'ombe na farasi. Barabara za magari zilikuwa chache. Chakula, risasi, mizinga na majeruhi vilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja waliandikwa upande wa Waingereza katika vita hivi, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo na kwingineko, wengi kwa nguvu. Waliokufa, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, hukadiriwa kuwa karibu 100,000, na wako wanahistoria wanaoiona hesabu hiyo kuwa ndogo kuliko ukweli. Geoffrey Hodges, aliyetoa kitabu juu yao mwaka 1986, alionyesha jinsi msiba huo ulivyogusa takriban kila wilaya ya Kenya iliyotoa watu. Hao ndio ambao mpiga picha hawaoni. Amepita juu ya ardhi yao bila ya kujua, kwani hakuna kitu kilichosimama.

Upungufu huu haukutokea kwa bahati mbaya. Katika miaka ya 1920 maafisa wa Tume na wa serikali za kikoloni walishauriana, wakaamua kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Hoja yao ilikuwa kwamba Mwafrika hana mapenzi na kaburi la mfu wake wala hangefahamu maana ya jiwe. Badala ya mawe wakasimamisha sanamu tatu, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, mnamo 1927 na 1928. Ile ya Nairobi iko kando ya barabara ambayo leo huitwa Kenyatta Avenue, na mmojawapo wa watu wake watatu wa shaba ni mpagazi. Maneno yake yamechongwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na aliyeyatunga kwa Kiingereza ni Rudyard Kipling. Yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwahidi msomaji kwamba mwenye kuipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Msomaji wa lugha hawezi kuyapita maneno hayo bila ya kusita. Sanamu inatoa ahadi ya jina, na juu yake hapana jina hata moja. Kazi ya kukumbuka imetupwa kwa watoto na wale wale waliokuwa na daftari mikononi mwao.

Je, hoja ya maafisa wale ilikuwa na ukweli wowote? Haitoshi kuikataa kwa hasira. Ni kweli kwamba Wakikuyu wa zamani hawakuwa na desturi ya kumzika kila mtu. Wazee wenye mali walizikwa, na wengine wengi waliachwa porini. Wamaasai nao walikuwa na desturi ya namna hiyo. Afisa aliyeliona jambo hilo alihitimisha kwamba mfu alisahauliwa. Kosa lake lilikuwa la kutoijua lugha wala utaratibu wa majina. Mkikuyu humpa mwanawe wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wanaofuata hupewa majina ya ndugu za wazazi. Kwa njia hiyo hata kijana aliyekufa kabla ya kuoa aweza kurudi nyumbani katika mtoto wa ndugu yake. Wajaluo nao huwaita watoto kwa majina ya jamaa waliotangulia. Katika jamii hizi jina ndilo lililochukua nafasi ambayo Mwingereza aliipa jiwe. Basi ahadi iliyoandikwa juu ya sanamu ilipatana mno na desturi za wenyeji kuliko walioiandika walivyojua. Ila wao wenyewe hawakuwapa jamaa habari ambayo ingewawezesha kuitimiza, yaani nani alikufa, wapi na lini. Mama ambaye hakuletewa habari hakujua kama mwanawe ni wa kungojewa au wa kurithiwa jina.

Hata hivyo lugha ilihifadhi kitu. Kikosi kile kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kutokana nacho tumepata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako wapagazi walikuwa na kambi. Neno hili ni ushahidi wa aina yake. Mtu aliyelisoma neno lile la pili kwenye karatasi angelitamka pamoja na konsonanti zake za mwisho. Aliyelisikia kinywani mwa Mwingereza angesikia “koo” tu. Wapagazi walilipokea kwa sikio wakalifanya lao, na r iliyoko mwishoni mwa tahajia ya Nairobi ni alama ya mkono wa karani. Hivyo kila anayekwenda sokoni Kariakoo hutaja, pasipo kujua, kumbukumbu ya wapagazi kama walivyoitamka wao.

Mwaka 2021 Tume ilitoa ripoti juu ya kutokuwapo kwa usawa katika kumbukumbu zake. Ripoti ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao wa Asia na Afrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wa Afrika ya Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akafanya hivyo Bungeni. Tangu hapo juhudi za kutafuta majina katika hifadhi za nyaraka zimeanza, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi zinazohusika.

Hapa ndipo idara za lugha zinapopaswa kuingia. Jina la mpagazi, likipatikana, litakuwa limeandikwa na karani wa miaka ya 1915 hadi 1918, zaidi ya miaka 10 kabla ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, na muda mrefu kabla ya lugha zetu nyingine kuwa na tahajia zinazokubaliwa. Karani hakuwa na njia moja ya kuandika ng' wala ny. Irabu saba za Kikuyu au Kikamba zilibanwa katika tano. “Bin” iliweza kuwekwa mahali pa “wa” au “arap”, na jina la kijiji au la chifu kushika mahali pa jina la baba. Anayelisoma jina hilo leo kama lilivyo ataliona geni. Anayejua fonolojia ya lugha ya mahali lilipotoka aweza kulirudisha katika umbo ambalo ukoo utalitambua. Likichongwa vibaya, jiwe litakuwa limemzika mtu mara ya pili, na picha nzuri ya jiwe hilo itaeneza kosa duniani kote.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wanaokwenda vijijini kukusanya methali na ngano wawaulize wazee pia habari za waliokwenda kariakoo wasirudi: jina lilivyotamkwa, nasaba, na nani amelirithi. Watoto wa wapagazi wamekwisha kufa, na wajukuu ni wazee. Kazi hii haiwezi kungojea fedha nyingi. Pili, wapiga picha wa kujitolea waombwe kupiga picha kurasa za madaftari, kwa idhini ya wenye kuyatunza, na mahali pa kambi zisizo na mawe, kwa uangalifu ule ule wanaoutumia Taveta na Voi. Jina la daftari likikutana na jina lililo katika ukoo, hapo jamaa watakuwa na haki ya kudai jiwe, na mpiga picha atakuwa na sababu ya kurudi.