Kula na Kuoga Ushago wa Meru na Embu: Jua Hizi Kabla Hujatuma Doo ya Chumba

Cheki hii picha. Wikendi ndefu imefika, mbogi imechanga, na mmeamua mara hii hamuendi Naivasha. Mnadandia mat ya Embu jioni, mnafika gesti ya ushago saa 3 usiku, njaa imewabamba. Mnaitisha kuku kienyeji na maji moto ya kuoga. Mhudumu anawaangalia tu. Kuku mwenyewe bado yuko hai, amelala kwa banda lake, na tangi la maji ni baridi kama jiwe la mtoni.

Hapo usianze kuchapa maneno ati hoteli ni mbovu. Huku kwa miteremko ya Mlima Kenya, chakula chako cha jioni na maji yako ya kuoga vinaanza kutengenezwa masaa kadhaa kabla hujafika. Ukielewa hiyo moja tu, mengine yote yanajipanga.

Wajapani walishika hii kitambo

Japani kuna hoteli za mashambani zinaitwa ryokan. Moja, Nishiyama Onsen Keiunkan huko Yamanashi, ilianza mwaka 705, na Guinness wanaitambua kama hoteli ya zamani zaidi duniani. Ukifika ryokan unavua viatu mlangoni, unapewa chai, na unaulizwa utakula saa ngapi. Bei huwa ni ya kila mtu, na mara nyingi ndani kuna chakula cha jioni na cha asubuhi. Ukichelewa bila kupiga simu, unaweza kulala njaa, juu chakula kilipikwa kwa hesabu yako na saa yako.

Kuoga nako kuna sheria. Unakaa kwa kastuli kadogo, unajisugua na sabuni, unajisuuza hadi povu lote liishe, ndio uingie kwa bafu la maji moto. Hilo bafu si la kuoshea uchafu. Ni la kuloweka mwili, na watu wengine watatumia maji hayo hayo baada yako.

Sasa leta hiyo akili Meru na Embu. Tofauti kubwa ni kwamba kule maji huchemka ardhini, na huku kuna mtu anapasua kuni.

Utalala wapi?

Kutoka Nairobi barabara inapita Thika na Makutano, inaingia Embu, kisha Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu hadi Meru mjini. Chaguo ziko aina tatu.

Ya kwanza ni hoteli za mjini. Embu kuna Izaak Walton Inn, ya tangu enzi za mkoloni. Jina ni la Mwingereza aliyeandika kitabu cha uvuvi mwaka 1653, na limekaa vizuri juu mito ya mlima huu ina samaki wa trauti, ambao waliletwa Kenya mwaka 1905.

Ya pili ni bandas za kujipikia. Ziko Meru National Park, ile mbuga ya simba Elsa, na ziko pia karibu na geti la Chogoria upande wa Tharaka-Nithi, karibu mita 3,000 juu ya bahari. Hapo hakuna mtu anakupikia, kwa hivyo beba waru, vitunguu, mafuta na kiberiti.

Ya tatu ni boma la watu, familia ina chumba cha wageni na unakula chenye wao wanakula. Hii ndio iko karibu zaidi na ryokan, na ndio wasee wa mtaa hukosea zaidi.

Dishi: itisha asubuhi, kula jioni

Kuku kienyeji anashikwa, anachinjwa, ananyonyolewa, anachemshwa hadi nyama ilegee, ndio akaangwe. Weka masaa 2 au 3. Githeri ya mahindi makavu ni hivyo hivyo. Mukimo nao unaanza na kuchemsha mahindi na maharagwe, halafu viazi au ndizi mbichi, majani ya malenge, na mkono wa kuponda. Hakuna njia ya mkato.

Kwa hivyo piga simu mapema. Sema mko wangapi, mtafika saa ngapi, na nani hali nyama. Mkikwama kwa jam ya Thika Road, piga tena. Kama mathe amechinja kuku kwa ajili yenu na nyinyi mmesimama Makutano kula nyama choma hadi mkashiba, hiyo ni hasara yake, na ni madharau.

Asubuhi tegemea nduma, ngwaci, mayai na chai ya maziwa. Majani ya chai huenda yamechumwa kilima cha hapo mbele, juu Embu na Meru zote ni nchi ya chai.

Na kitu moja: miraa ya Igembe na muguka ya Mbeere zinaua njaa na zinafukuza usingizi. Ukitafuna mchana kutwa, sahani itawekwa mbele yako na hutaisikia. Ngoja ule kwanza, ama achana nayo hiyo siku.

Maji moto: jua kuni booster inafanya aje

Sehemu nyingi maji huchemshwa na kuni booster. Ni tangi lenye nafasi ya moto chini na bomba la moshi juu. Maji baridi yanashuka kutoka tangi lililoinuliwa, yanaingia upande wa chini, na yanasukuma yale moto yatoke kwa bomba lako. Ukifungua bomba dakika 20 ukiimba, yote ya moto yanaisha na yule wa nyuma anapata barafu. Kuwasha tena ni kuni nyingine na kama saa nzima ya kungoja.

Fanya hivi: jilowanishe, funga bomba, jisugue, fungua ujisuuze. Ni ile sheria ya ryokan, ila hapa unayemfikiria ni beshte wako wa chumba cha pili. Mjulishe mhudumu mtaoga saa ngapi, ili moto uwashwe kwa wakati.

Kama ni ndoo na karai, tia maji baridi kwanza ndio uongeze ya moto, usijichome. Kama ni ile shawa ya stima, vaa ndara na usiguse kichwa chake kikiwa kimewaka.

Hii usicheze nayo: jiko chumbani

Juni hadi Agosti baridi ya huku huuma mifupa. Utashawishika kuingiza jiko la makaa chumbani mlale na joto. Usifanye hivyo. Makaa yanatoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko ambalo halina moshi bado linaitoa. Ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu na kuna makaa ndani, toeni kila mtu nje kwa hewa safi na mwende hospitali. Ukitaka joto, itisha blanketi ya pili na chupa ya maji moto.

Maswali ya kuuliza kwa simu

- Bei ni ya chumba ama ya kila mtu? Chakula kiko ndani?
- Mwisho wa kuitisha chakula cha jioni ni saa ngapi?
- Maji moto ni ya kuni, sola ama stima? Yako saa ngapi?
- Choo na bafu ni vya ndani ama vya nje? Kama ni nje, beba tochi.
- Barabara ikinyesha, gari ndogo inafika?

Ukiingia na ukitoka

Ukikanyaga Meru, "muga" ni salamu, na unajibiwa "muga." Msalimie mzee kwanza kabla ya kuuliza password ya Wi-Fi. Mwenye nyumba muite mathe au shosho, si "wewe." Na asubuhi ukiondoka, mtafute yule jamaa aliyepasua kuni na kukesha na moto. Mara nyingi humuoni kabisa. Mwambie asante, na umwachie kitu kidogo mkononi. Maji yako ya moto yalikuwa jasho lake.