Sakafu ya mbao

Sakafu ya mbao ni sakafu ya jengo inayotengenezwa kwa mbao zilizopasuliwa kutoka kwenye gogo, si plaiwudi, na kupigiliwa misumari juu ya boriti au papi. Boriti ni mbao nene zinazovuka chumba na kubeba uzito. Papi ni mbao nyembamba zinazolazwa juu ya sakafu ya zege.

Mbao zinazotumika

Muhuhu (Brachylaena huillensis), mvule na mninga ni mbao ngumu zinazosifika Afrika Mashariki. Msitu wa asili wa Mlima Kilimanjaro, wenye mkulo (Ocotea usambarensis), uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hivyo miti yake haivunwi. Mbao za paina na saipresi hutoka katika mashamba ya miti, kama yale ya West Kilimanjaro. Mgrevilea hupandwa katika vihamba pamoja na kahawa na migomba.

Unyevu

Ubao hupungua upana unapokauka na kutanuka unapopata unyevu. Ubao wa milimita 100 ukikauka kutoka unyevu wa asilimia 20 hadi 12 unaweza kupungua milimita 2 hivi. Katika chumba chenye mbao 40, nyufa zote pamoja hufikia milimita 80. Kwa hiyo mbao zilizopasuliwa Masama, penye mvua nyingi, zikipigiliwa mara moja katika nyumba ya Kwa Sadala, bondeni kwenye barabara ya Moshi–Arusha, huacha nyufa wakati wa kiangazi. Mbao hupangwa kwanza kivulini zikitenganishwa na vijiti, kisha huwekwa kwa siku kadhaa ndani ya chumba chenyewe.

Uwekaji

Kwa mbao zenye unene wa milimita 20 hivi, boriti hupangwa kila baada ya sentimita 40 hadi 45 na kusawazishwa kwa pima maji. Juu ya zege hutandikwa kwanza nailoni nzito ya kuzuia unyevu, kisha papi. Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfereji upande mwingine. Msumari hupigwa mshazari kupitia ulimi, na mfereji wa ubao unaofuata hukificha kichwa chake. Ncha za mbao hukutana juu ya boriti. Kando ya kuta huachwa nafasi ya milimita 10 hadi 12. Bila nafasi hiyo, sakafu inaweza kuvimba na kuinuka wakati wa masika.

Maadui wa sakafu

Mchwa na kuoza huanzia chini, pasipoonekana. Nafasi iliyo chini ya boriti huhitaji matundu ya hewa katika kuta zinazotazamana, yakiwa na wavu wa kuzuia panya. Boriti hutiwa dawa kabla ya kufunikwa, kwa kuwa baadaye haziwezi kufikiwa bila kung'oa sakafu.