Kifaa kidogo kilichosafisha moshi wa magari



Mwezi Julai mwaka 1943, ukungu mkali uliutanda mji wa Los Angeles, Marekani, ukiwawasha watu macho na koo. Kwa kuwa nchi ilikuwa vitani, wako waliodhani Wajapani wameshambulia kwa gesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alibainisha kuwa jua lilikuwa likiugeuza moshi wa magari na viwanda kuwa sumu. Sheria ya mwaka 1970 ikawataka watengenezaji wa magari wapunguze sumu hizo kwa asilimia 90.

Dawa ilikuwepo: kichujio chenye madini ya platinamu, ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega. Lakini ili kiangamize sumu zote kuu kwa pamoja, kilo moja ya petroli sharti iungue kwa hewa ya kilo 14.7 hivi. Hewa ikipungua, gesi ya kaboni monoksidi husalia; ikizidi, oksidi za naitrojeni hupenya. Kabureta ya kawaida haikuumudu usahihi huo.

Jibu lilitoka Ulaya. Mwaka 1976, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza kifaa cha kupima oksijeni ndani ya bomba la moshi, nayo Volvo ya Sweden ikakifunga katika magari yaliyokusudiwa soko la Marekani. Ni kauri iliyopakwa platinamu, upande mmoja ukiguswa na moshi, wa pili na hewa ya nje. Ikipata joto, tofauti ya oksijeni huzalisha umeme: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Mtambo wa elektroniki husoma umeme huo na kurekebisha mafuta papo hapo.

Adui wa kifaa hicho, na wa masega pia, alikuwa risasi iliyotiwa katika petroli, madini yale yale yanayodhuru akili za watoto. Haja ya kuvilinda vifaa hivyo ikasaidia kuiondoa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Naam, anayeyang'oa masega leo ili ayauze, anawarudishia majirani zake ukungu ule ule wa Los Angeles.